Elfu Kumi Iliyogoma Kutoka

Asifiwe Bwana, ndugu zangu wa Nachingwea! Asifiwe tena, maana leo ningekuwa mtu aliyemfukuzisha jirani yake kijijini, na Mungu akanizuia nikiwa tayari njiani!

Mimi ni Mama Zawadi. Natoka Malolo, kule Ruangwa, nalima korosho na ufuta. Wengi hapa mnamjua dada yangu, yule pale benchi la tatu. Nimekuja na jambo la aibu, na nitalisema lote.

Akaunti ya benki nilifungua kwa sababu chama cha msingi cha ushirika kilisema hela ya korosho haitolewi tena mkononi. Nilipewa karatasi nyingi nisaini. Nikasaini zote bila kusoma hata moja, kwa kuwa gari la Malolo lilikuwa linapiga honi. Ndugu zangu, mimi nimesoma! Darasa la saba nilifaulu! Lakini kwangu benki ilikuwa kama kibindo: ulichoweka utakikuta.

Msimu uliopita niliacha humo elfu hamsini za kununulia salfa ya kupulizia mikorosho. Kabla ya wakati wa salfa nilichukua kidogo kidogo kwa wakala, mara tatu: mchango wa msiba, sare ya Zawadi, na dawa ya mafua. Jumla elfu ishirini. Kwa hiyo nilijua nina elfu thelathini. Nikaenda kuzitoa, wakala akabonyeza mashine yake, akaniambia ninachoweza kupata ni elfu kumi na moja. Nikazichukua hizo.

Elfu kumi na tisa zimekwenda wapi? Mtoto mwenye akili angeuliza benki. Mimi nilijijibu mwenyewe papo hapo: chuma ulete!

Mnaijua hiyo habari. Wanasema mtu anakupa noti yake, ukiichanganya na zako inazikomba zote zinarudi kwake; mimi nikajiambia, hata za benki. Na mimi noti niliipokea kwa nani? Kwa Mama Kabula, jirani yangu Msukuma, ambaye yeye na mumewe walihamia na ng'ombe kutoka kanda ya ziwa. Kila asubuhi nilinunua kwake maziwa, ananirudishia chenji. Tena ng'ombe wao walishaingia kwenye ufuta wangu mara moja, na ingawa mumewe alinilipa, kinyongo nilikuwa nacho bado. Nilikuwa natafuta pa kukiweka tu.

Nikaanza kusema. Kisimani nikasema, mashineni kwenye kusaga nikasema, na kwaya ikimaliza mazoezi nikasema. Kwa simu nikamwambia hata dada yangu huku Nachingwea. Hazikupita wiki mbili, maziwa ya Mama Kabula hakuna anayenunua. Watoto wake wakikaa darasani wenzao wanasogea. Mwishowe wazee wa kitongoji wakaitisha mkutano Jumamosi: ikithibitika, familia ile ifungashe. Mimi nikasimama kwa kiburi nikasema uthibitisho nitauleta mwenyewe, kuna mganga Kilimarondo anayeona.

Ndugu zangu, nilikuwa na rozari shingoni nikisema hayo!

Alhamisi nikapanda gari mpaka hapa Nachingwea, nipite kwenda Kilimarondo. Nilishaambiwa mganga anataka elfu kumi mkononi kabla hajafungua mdomo, na mimi mfukoni nilikuwa na nauli tu. Lakini siku chache kabla, simu ilinionyesha akaunti ina elfu kumi, nikadhani mchawi ameanza kuzirudisha kwa hofu. Nikaingia benki, nikapanga foleni, nikamwambia binti wa dirishani anipe zote.

Akasema hiyo haitoki.

Nikapandisha sauti benki nzima ikageuka. Nikasema hata ninyi mnashirikiana na wachawi! Yule binti hakunijibu vibaya. Alitoka kule ndani, akaniketisha kwenye kiti, akanipa karatasi ya akaunti yangu, akaweka kidole mstari kwa mstari.

"Mama, hii elfu kumi ni salio la chini. Ni yako, ila lazima ibaki humo muda wote akaunti iko wazi. Ulisaini."

"Na hizi nyingine?"

"Haya ni makato ya kila mwezi. Na hizi ni ada, kila ulipotoa kwa wakala."

Tukahesabu pamoja. Elfu tisa za makato na ada, elfu kumi ya kubaki. Elfu kumi na tisa, haikupungua hata shilingi. Nikamuuliza, kwa hiyo hakuna mtu aliyezivuta? Akaniangalia kwa huruma akasema, "Hakuna, mama. Ungeuliza tu."

Nililia pale pale, sikujali watu. Angenipa ile elfu kumi, mganga angenitajia jina nililokwenda nalo mwenyewe kichwani, na Jumamosi watoto wa watu wangelala porini. Mungu alinifungia mlango kwa sharti la benki ambalo sikulisoma. Asifiwe!

Jumamosi nikasimama mkutanoni, nikasema nimemsingizia. Shemeji yangu akacheka kwamba nimehongwa mtindi. Mkutano ukavunjika. Nikamwendea Mama Kabula kumpa mkono. Hakuupokea.

Akasema, "Mama Zawadi, kunichafua ulipita nyumba kwa nyumba. Leo unanisafisha umesimama mahali pamoja?"

Alikuwa na haki. Basi nikaikunja karatasi ya benki nikaanza kuzunguka. Kisimani, mashineni, kwenye kwaya, kwa kila mtu niliyemlisha uongo. Wengine waliniandaa kiti, wengine walinifungia mlango, nikarudi kesho yake. Katika kuzunguka huko nimewafundisha wengi: kabla hujasaini, uliza kiasi gani lazima kibaki, uliza wanakata nini kila mwezi, uliza kama ipo akaunti nyingine isiyo na sharti hilo, maana benki hazifanani. Kuuliza ni bure! Kutouliza kulikaribia kunifanya muuaji wa jina la mtu.

Nyumba ya mwisho ni hii. Dada, nilikudanganya. Na wewe uliwaambia wenzako humu, najua. Ndiyo maana nimekuja kwa miguu yangu badala ya kupiga simu.

Namshukuru Mungu, na namshukuru binti yule ambaye hata jina sikumuuliza. Ndugu zangu, mtumainini Bwana, naye atawapa ujasiri wa kwenda kuuliza na kwenda kutubu.

Jana asubuhi nilikwenda kwa Mama Kabula kununua maziwa. Alinipimia bila maneno mengi, akanirudishia chenji. Noti yake hii hapa, nimelala nayo pamoja na hela zangu zote, na haijapungua hata moja. Dada, simama uje uishike.