Darlene Prystupa na Kahawa ya Jumanne

Daktari Darlene Prystupa alifariki dunia Alhamisi, Machi 2, 2023, saa tano asubuhi, katika hospitali ya Yorkton, Saskatchewan, akiwa na umri wa miaka sabini na mmoja, binti yake Marcia akiwa amemshika mkono, na mwanawe Taras akiwa njiani kutoka Regina, kwenye barabara iliyofungwa kwa theluji.

Marehemu alizaliwa Juni 14, 1951, shambani kwa wazazi wake kaskazini mwa Canora, akiwa mtoto wa tatu wa Petro na Anastasia Hladun, waliolima ngano na kufuga ng'ombe wachache, na ambao nyumbani walizungumza Kiukraine hadi watoto walipoanza kurudi kutoka shule wakijibu kwa Kiingereza. Alisoma shule ya chumba kimoja jirani na shamba, kisha sekondari mjini Canora, na mwaka 1972 akaingia chuo cha udaktari wa mifugo Saskatoon, alikohitimu Mei 1976, mmoja wa wanawake wachache darasani. Baba yake, majirani walipomuuliza binti anasomea nini, alikuwa akijibu, "Anasoma miaka minne ili aje afanye ninachofanya mimi kwa kamba na matusi," lakini siku ya mahafali alivaa suti yake ya harusi.

Juni 1976 aliajiriwa hapa Yorkton katika kliniki ya Daktari Alvin Thorlakson, ambaye sasa ni marehemu, akawa mbia wake mwaka 1983, na hapo alifanya kazi miaka arobaini. Oktoba 6, 1979, alifunga ndoa na Ronald Prystupa, msimamizi wa ghala la nafaka, katika kanisa hili hili, ndoa iliyochelewa kwa sababu bibi harusi alikuwa kijiji cha jirani, Rhein, akizalisha ng'ombe, na Ron, aliyefariki mwaka 2014, hakuacha kuwaambia watu, "Mimi nilioa mkono mmoja, wa pili uko ndani ya ng'ombe wa mtu." Walijaliwa watoto wawili, Marcia, 1981, na Taras, 1984, na wajukuu watatu.

Familia imekubaliana kwamba historia hii haiwezi kusomwa bila jambo la Oktoba 1987, kwa kuwa marehemu mwenyewe hakuwahi kulificha. Asubuhi hiyo alikuwa akiijaribu mashine ya nusukaputi, kama inavyofanywa kabla ya upasuaji: unafunga vali inayotoa hewa, unakamua mfuko, unasikiliza kama kuna panapovuja, kisha unaifungua vali. Aliifunga, akaitwa uani, ambako ndama alikuwa amekwama tumboni mwa mama yake ndani ya trela, akaenda, akamtoa ndama akiwa hai, akarudi, akanawa, akamlaza mezani Duke, mbwa wa kuchunga wa Metro Kozak, na vali ilikuwa bado imefungwa. Hewa iliingia mapafuni isipate pa kutokea. Duke alikufa kabla kisu hakijamgusa.

Daktari Thorlakson alimwambia, "Mwambie Metro moyo ulishindwa. Wala si uongo, mwishowe kila moyo hushindwa." Hakuwa mtu mbaya, na alichosema kilisemwa katika kliniki nyingi. Darlene alimpakia mbwa garini, akaenda hadi shambani kwa Kozak, akamkuta akitengeneza uzio, akamweleza tangu mwanzo hadi mwisho.

Kozak aliweka koleo chini. "Dokta, umekuja nikusamehe, au umekuja nijue?"

"Ujue."

"Basi nimejua. Nenda nyumbani."

Kozak aliwapeleka ng'ombe wake kwa daktari wa Melville, na aliporudi, miaka miwili baadaye, maelezo yake yalikuwa mafupi: "Kule hakuna anayekosea, Dokta. Wanyama wanajifia tu wenyewe. Nikaona hapana."

Tangu wiki aliyokufa Duke, kliniki ilikuwa na kanuni moja, kwamba mkono uliofunga vali hauondoki pale mpaka uifungue, simu ilie, mlango ugongwe, nyumba iungue, na kila Jumanne, kabla ya kufungua mlango, wote walikaa kwa kahawa, kila mmoja akasema alichokosea au alichokaribia kukosea, Darlene akianza. Mji ulicheka. Watu walipaita Kanisa la Jumanne, na paroko wa wakati huo alimsimamisha nje baada ya ibada akamwambia, "Darlene mwanangu, unaninyang'anya waumini," naye akajibu, "Wako wanaungama ili walale, Padri. Wangu wanaungama ili tupange upya rafu ya dawa." Na rafu ilipangwa, chupa zinazofanana zikatenganishwa, mnyama akapimwa uzito siku ile ile anayotibiwa, na vitambaa vya upasuaji vikahesabiwa kwa sauti kabla tumbo halijashonwa.

Haikuwa kazi ya kumalizika. Wasaidizi walikuja, wakafundishwa, wakahamia Alberta, wakaja wengine na makosa yale yale, na jioni moja alimwambia mumewe, "Sijachoka na ng'ombe, Ron. Nimechoka kuanza upya."

"Basi acha."

"Kesho Jumanne," akasema, akaendelea kuosha vyombo.

Alistaafu mwaka 2016, na kliniki ikauzwa kwa kampuni kutoka mashariki, ambayo iliondoa kahawa ya Jumanne, ikaagiza kwamba makosa yapelekwe makao makuu, na kwamba mfanyakazi asizungumze na mwenye mnyama bila ruhusa. Marehemu hakupinga, alisema ameuza, na aliyeuza hana neno.

Novemba 2022, paka wa Bi. Olga Wasylkiw alipewa dawa ya maumivu kutoka chupa ya aina yenye nguvu mara kumi, iliyokuwa imerudishwa karibu na ile ya kawaida, akafa, na Bi. Olga akaambiwa ni uzee. Aliyeshika sindano ni Colleen Bzdel, msaidizi aliyefunzwa na marehemu. Mwezi uliofuata marehemu aligundulika kuwa na saratani ya kongosho, na Januari Colleen alikuja kumwona na chungu cha supu ya viazisukari vyekundu, akakaa jikoni bila kuvua koti.

"Dokta, niambie niseme."

"Siwezi. Mimi nilipokwenda kwa Metro, nusu ya kliniki ilikuwa yangu. Nani angenifukuza? Wewe una watoto wawili na bosi."

"Kwa hiyo ninyamaze?"

"Sikusema hivyo, mama. Nimesema nimechoka, na sitakuwepo kukupa kazi nyingine."

Marcia, aliyekuwepo, anasema hawakuongea tena habari hiyo, walikunywa supu. Februari 9 marehemu alilazwa, na hakurudi nyumbani.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia na kumweleza ukweli kila alipouliza, majirani waliosafisha theluji mlangoni majira yote haya ya baridi bila kuombwa, akina mama wa parokia waliokesha wakikunja pirogi za viazi za chakula cha leo, na wote waliofanya kazi naye, pamoja na waliokuwa wakichelewa makusudi siku za Jumanne. Darlene, pumzika sasa, ulistahili kupumzika mapema zaidi ya hapa.

Familia imeombwa isome na hili. Juzi, Jumatatu, Machi 6, saa nne asubuhi, Colleen Bzdel alikwenda nyumbani kwa Bi. Olga Wasylkiw, akamweleza paka wake alikufaje na kwa mkono wa nani, kisha akaomba jambo hili lisomwe hapa na jina lake litajwe, na Bi. Olga amekubali. Jana aliiarifu kampuni. Amepangiwa zamu ya leo alasiri, na hadi ibada hii inaanza hakuna aliyempigia simu kumwambia asiende.