Nahodha Aliyenyimwa Nyambizi: Eugene Makokha, 1956–2025

Eugene Makokha alizaliwa tarehe 9 Mei 1956 huko Kimilili, mtoto wa pili wa Mzee Nahashon Makokha na Mama Akinyi. Alisoma shule ya msingi hapo hapo nyumbani, kisha sekondari Kakamega. Mwaka 1976 alipata udhamini wa kusomea uanamaji ng'ambo.

Mwaka 1980 alikuwa afisa wa nyambizi katika jeshi la wanamaji la huko, Mwafrika wa kwanza katika kikosi chake. Mama yake hakuafiki. "Meli ikienda chini ya maji, si ndiyo imezama?" aliuliza, na kwa miaka kadhaa akina mama wa kanisa walimwombea Eugene aokolewe. Alicheka kila alipokumbuka.

Kilichofuata hakichekeshi hata kidogo. Alifanya kozi ya unahodha wa nyambizi akaongoza darasa zima, wakamnyima nyambizi. Mwaka uliofuata walimnyima tena, wakampa yule aliyeshika mkia. Walimwambia ana kwa ana kwamba mabaharia hawatakubali kufungiwa chini ya maji na nahodha mweusi. Familia imeombwa isiliseme hilo leo. Sasa limesemwa.

Mwaka 1986 aliomba kuhamia urubani. Walimwambia amezeeka, mtu wa miaka thelathini! Alifuzu hata hivyo, akarusha helikopta za jeshi hilo karibu miaka ishirini, kazi yake kuwinda nyambizi. Katika mazoezi fulani aliipata ile ile aliyonyimwa, imejibanza kando ya mwamba ambako zamani yeye mwenyewe aliwafundisha mabaharia kujificha. Pongezi rasmi zilimwendea rubani msaidizi wake.

Alimwoa Phoebe mwaka 1988, wakajaliwa Collins na Daisy. Mwaka 2006 walihamia Doha, akawa mkufunzi wa marubani wa helikopta zinazopeleka wafanyakazi kwenye visima vya gesi baharini. Waliishi Umm Salal. Kila Ijumaa baada ya ibada hapa kanisani Mesaimeer aliwakusanya vijana wetu walinzi na madereva, akawanywesha chai na kuwagombeza wasikubali kuitwa "boy".

Figo zilianza kumsumbua mwaka 2022. Hakupenda kuonewa huruma, na wauguzi waliomwita "baba" aliwataka wamwite Eugene. Alifariki hospitalini tarehe 11 Novemba 2025, Phoebe akiwa amemshika mkono.

Juzi Bwana Trevor, Mkenya mwenzetu na mwakilishi wa chama cha wanamaji wastaafu, alileta bendera ya jeshi alilotumikia Eugene ifunike jeneza, kwa sharti kwamba habari ya kunyimwa nyambizi iondolewe kwenye wasifu huu.

"Mama Collins, hayo ni mambo ya kitambo," alisema. "Siku ya msiba tusifukue."

"Trevor, mimi nazika bwanangu, sio hiyo stori," alijibu Phoebe. "Kunja bendera yako uende nayo."

Ndiyo sababu jeneza mnaloliona limefunikwa leso ya Phoebe. Litasafirishwa kesho, na mazishi yatafanyika Kimilili. Bwana Trevor yuko nasi, ameketi safu ya tatu, na anakaribishwa chakula kama wengine wote.

Marehemu ameacha mjane, Phoebe, watoto, Collins na Daisy, wajukuu watatu, na dada yake, mama yangu mimi Fiona ninayewasomea.

Mjomba, pumzika kwa amani. Hasira tuachie sisi.