Tochi ya Njia ya Sita

Sogeeni, wanangu. Tereska, kaa hapa miguuni. Walter, zima hiyo televisheni, maana pumzi niliyobakiwa nayo si ya kugawana na mtangazaji. Baba yenu mwacheni pale dirishani ajifanye hasikii. Kazik akitaka kusikia, husikia hata sindano ikianguka kwenye zulia.

Lile jumba la mviringo mnaloligombania lilikuwa shamba la viazi la marehemu baba yangu, na hati yake ina jina langu, Bronia Zaleska. Niliolewa nalo, na baba yenu badala ya kupanda viazi akaleta tingatinga, akachimba shimo la duara, akaweka jukwaa katikati na hema juu, akaniambia, "Bronia, watu wamejenga nyumba Long Island nzima, lakini jioni hawana pa kwenda." Kiangazi cha kwanza mvua ilijaza shimo, mwimbaji akaimba amevaa buti za mpira, na watu wakampigia makofi mengi kuliko siku ya jua. Usione vyaelea, vimeundwa. Baadaye likaja paa la zege, vikaja viti vyekundu, ikaja mota ya kulizungusha jukwaa polepole, ili kila mtu apate uso wa mwimbaji na auvumilie mgongo wake kwa zamu.

Mimi nilikuwa nje, dirisha la tiketi. Nililiita jumba lile mke mwenza, wala sikutania. Chakula changu kilipoa mezani, baba yenu yuko kwa mwenzangu anaipaka mota grisi. Tena jukwaa la duara halina nyuma, mwimbaji lazima ashuke katikati ya watu. Ndipo baba yenu akajipa kazi ya kuwashusha kwa njia ya sita katikati ya viti, tochi mkono huu, na mkono wa pili kaukunja ushikwe. Wanaume walimulikiwa tu. Wanawake walishikwa. Na Dolores Vance, yule mwimbaji wa kila Agosti, alishikwa tangu mlangoni hadi ngazi ya mwisho. Wanawake waliokuwa wakitoka walinihadithia dirishani, wakidhani wananifurahisha. Akipenda chongo huita kengeza: sauti ya yule mama ilishakwisha kitambo, Kazik anasema imeiva.

Sina ushahidi wa zaidi ya mkono, na mkono unanitosha. Nilimwonea wivu akiwa hai, namwonea wivu sasa yuko kaburini, na wivu huu nitazikwa nao.

Basi shikeni haya. Walter, unataka pauzwe wajenge maduka. Nyumba hii ni yako, iuze ukitaka, lakini jumba usiliguse. Jumba ni la Tereska. Na wewe Tereska, huo mpango wa kuliita jumba kwa jina la Dolores, ufute leo. Jina lake lisiandikwe hata mlango wa choo. Ukiliandika, radhi yangu huna. Msipelekane mahakamani, wanangu. Damu nzito kuliko maji.

Unasema nini, Kazik? Nilisema muziki unanipa kipandauso? Nilisema, ndiyo. Nilisema ili unibembeleze, mwanamume wewe. Miaka yote ile nimesikia makofi kupitia ukuta, sikuingia hata jioni moja, nangoja uje dirishani useme, Bronia, funga hapo, twende. Ukaja kuniuliza kama viti vimejaa.

Nipeni maji. Kidogo.

Nikitoka kanisani msinipeleke makaburini moja kwa moja. Nipitisheni njia ya sita, jeneza wazi, mniweke jukwaani, mlizungushe mara moja, polepole. Kila kiti kinione uso. Halafu... halafu mkanizike kando ya baba yangu.

Mbona unalia, mzee? Na hicho mfukoni ni nini? Tazameni, watoto. Hadi leo anatembea na tochi.

Iwashe. Usinimulike usoni, mulika chini, kama ulivyowamulikia wao. Wanangu, Mungu awalinde, awape... awape watu wa kuwangoja mezani. Tereska, nisogezee baba yako. Kunja mkono, Kazik. Hivyo. Usinikimbize. Wamejaa leo, eh? Polepole... nishike... ngazi bado ngapi?