Kodi ya Utulivu

Benchi lilikuwa ubao uliolazwa juu ya matofali, mbele ya chumba cha Bibi Birika, muuza kahawa. Vita vilipopamba moto wapangaji wote walitimua mbio. Yeye akabaki, kwanza kwa sababu ya miguu, pili kwa sababu kodi ya chumba ilishuka hadi ikaona aibu kudaiwa. Sasa vita vimekwisha. Mwenye nyumba, aliyekuwa ng'ambo akiwaombea, karudi mnene, na asubuhi hiyo alimwambia Bibi Birika, tena kwa adabu: kodi mara tatu, au ahame mwezi ukiisha, chumba tayari kinatangazwa.

— Kisa? aliuliza Redio, fundi viatu aliyejua habari zote isipokuwa za kweli.

— Eti mtaa umetulia, utulivu una bei yake. Kumbe miaka yote ile ya mizinga nilikuwa napewa punguzo, wala sikushukuru.

— Lakini amani ni yetu sote, bibi, alisema Jenerali. Huyu msituni alikuwa mpishi. Siku ya kusalimisha silaha alisalimisha mwiko.

— Yetu sote? Mbona anayetoza kodi yake ni mmoja, tena ndiye hakuwepo?

Redio akaweka kikombe chini.

— Dawa ni ndogo. Turudishe vita.

— Ulaaniwe!

— Si vyote, bibi. Robo tu. Kuanzia dukani mpaka bombani. Jumamosi tunapumzika, watu wana harusi.

— Vita havina ratiba, msikilize mtaalamu, alisema Jenerali. Usiku mimi nagonga sufuria kwa nyundo, Redio anapiga mayowe, bibi anakimbia na godoro. Siku chache tu, kodi chini!

— Godoro, kwa miguu hii?

— Basi kimbia na mto.

— Kelele zote za nini? alisema Redio. Akija mtu kuangalia chumba, tunamwambia risasi zinalia kila usiku. Anakwenda zake. Mwenye nyumba anakosa mpangaji, ananywea, bibi anabaki.

Bibi Birika akayapima maneno hayo. Tangu aachishwe ziwa, Redio hakuwahi kusema jambo lenye akili kiasi hicho. Na yeye bibi, akitoka hapa, hakuwa na pa kwenda.

— Haya. Risasi kila usiku. Atakayecheka hanywi kahawa yangu tena.

Hata hawajamaliza kupangana, akatokea mwanamke mwembamba, kamshika mkono mtoto wa kike, anaulizia chumba. Jenerali akakohoa kijeshi.

— Chumba ndicho hiki, dada, ila mtaa huu...

Mlango wa jirani ukajibamiza kwa upepo. Mtoto akachomoka mkononi mwa mama yake, akajitupa chini ya benchi, viganja masikioni. Hakulia. Mama yake naye hakushtuka. Alichuchumaa kando yake kama mtu afanyaye kazi aliyoizoea. Kisha akainua uso.

— Samahani mama, hapa usiku kunalalika?

Redio akaokota kikombe kitupu, akanywa. Jenerali akatazama mawingu, huenda akingoja amri.

Bibi Birika aliziangalia nyayo za mtoto zikichungulia chini ya benchi, zimejaa vumbi. Akawachukia kidogo, mama na mwana, kwa kuja mapema hivyo, kabla hajauzoea uongo wake.

— Kunalalika, alisema. Kunalalika mpaka kodi imepanda, mimi nahama. Mtoe mtoto huko chini, ubao huo una misumari.