Jina Kwanza, Jibini Baadaye

Lyon, Ijumaa, 29 Novemba 2019. Asubuhi hii ukungu umeufunika mto na baridi inauma vidole. Kesho, baada ya miaka thelathini na moja, Bibi Odile Fargeas anavua aproni yake katika mkahawa wetu.

Alianza kwa kuosha vyombo, akapanda hadi kusimamia ukumbi wa juu. Huko ndiko kila Novemba waamuzi tisa hula chakula cha mchana na kumchagua mshindi wa Tuzo ya Maurevert, tuzo ya vitabu. Clémence na Hippolyte Maurevert, dada na kaka walioandika vitabu vyao pamoja, walipobishania ukurasa, dada alilificha jibini mpaka wakubaliane. Wakaliweka hilo katika wosia ulioanzisha tuzo hii: jibini, ambalo kwetu hufunga mlo, lisiletwe kabla ya jina la mshindi, na likishaliwa, kikao kimefungwa.

Wengi humkumbuka Bibi Odile kwa ucheshi. Aliwahi kumwamsha mwamuzi aliyesinzia juu ya supu kwa kumwekea kitambaa cha baridi shingoni, kisha akamuuliza kwa adabu kama angependa mkate zaidi.

Sisi tuliokuwepo mwaka 2003 tunamkumbuka kwa msimamo. Waamuzi waligawanyika, hakuna aliyetaka kulegeza kamba. Mwishowe wakaagiza jibini ili wapande treni zao, tuzo ikose mshindi mwaka huo. Bibi Odile akasimama mlangoni na sinia mikononi, asiingie. Mwenye mkahawa, Bwana Béchade, akapanda ngazi akihema.

“Odile, wape jibini. Hao ni wateja.”

“Jina kwanza, bwana.”

“Unanifundisha kazi? Ukikataa kuwapa, kesho usije.”

“Basi kesho tutajua.”

Mwamuzi mzee, Bwana Thévenoux, akalalamika kutoka mezani: “Mama, utatuua kwa njaa.”

“Mmemaliza bata wawili, Bwana Thévenoux. Hamfi leo.”

Meza nzima ikacheka, na waliokuwa wamenuniana wakaanza kutazamana tena. Bibi Garampon, mwamuzi aliyekuwa mkaidi kuliko wote, akaomba kurasa chache za vitabu viwili vilivyobaki zisomwe kwa sauti. Zikasomwa. Kura ikapigwa upya, na tuzo ikaenda kwa dereva wa tramu wa Saint-Étienne aliyekuwa ameandika kitabu chake cha kwanza. Ndipo sinia likaingia.

Bibi Odile anasema usingizi ulimpata saa saba usiku. Asubuhi alifika kabla yetu sote. Bwana Béchade akamkuta akitandika meza.

“Nilisema usije.”

“Ulisema nisije nikikataa kuwapa. Nimewapa.”

Bwana Béchade aliguna, akavuta kiti, akaanza kukunja vitambaa pamoja naye.

Bibi Odile, asante kwa kutushikia mlango ule. Tunakuombea miaka mingi ya afya, miguu isiyovimba jioni, na meza ambapo wewe ndiwe utakayehudumiwa. Waamuzi wa mwakani tumeshawaonya: sinia limerithiwa, na aliyelirithi ni binti uliyemfunza wewe.