Kati ya Acha na Achia

Keza, mwanangu, weka chini hicho kidude cha kubana kidole. Kwa nusu saa hii mimi si mgonjwa wako, ni baba yako, na baba hapimwi pumzi anapousia. Honorine, mke wangu, sogea hapa penye mto uwe shahidi. Na wewe Fiacre, usisimame mlangoni kama mtu aliyeleta barua. Ingia, keti, nikuone bila kugeuza shingo, maana shingo nayo imeanza kudai mapumziko yake.

Nisikilizeni, na asinikatize mtu, kwa kuwa pumzi iliyobaki inatosha kusema mara moja, haitoshi kujibu maswali. Ile karatasi ya mwanasheria imekwisha kutiwa saini, pamoja na mashahidi wawili wasiorithi hata kijiko, kama sheria ya hapa inavyotaka, na ndani yake yamo yote isipokuwa maneno. Serikali ya nchi hii naiheshimu, ilitupokea, na ina fomu ya kila jambo lililo chini ya jua. Tulipofika, afisa mmoja aliniuliza nyumbani nilikuwa nafanya kazi gani, nikamwambia nilikuwa nashusha ndizi mlimani kwa baiskeli, kutoka Bugarama mpaka Bujumbura, kilo mia na ushei kwenye keria; akatafakari, akaandika: mtaalamu wa usafirishaji. Siku ya kuzaliwa akaniandikia mosi Januari, sawa na nusu ya kambi yetu ya wakimbizi ya Kigoma. Kwa hiyo msishangae jiwe langu la kaburi likisema uongo kidogo. Litakuwa limenakili kutoka kwenye cheti.

Sasa vitu. Nyumba ni ya mama yenu mpaka yeye mwenyewe aichoke, na asisukumwe. Vitabu ni vya Keza, vyote, hata vile vya Kifaransa vilivyotafunwa na panya wa kambini, kwa sababu katika nyumba hii ni yeye peke yake anayefika ukurasa wa mwisho bila kuruka. Déo, rafiki yangu wa zamani, mwiteni aje abebe jeneza. Najua, sijampa mkono miaka minane, tangu Fiacre alipovunjika na yeye akasema mbele ya kanisa kwamba kujirusha mlimani kila Jumamosi ni mchezo wa watu ambao hawajawahi kubeba kitu mlimani. Alikosea, lakini alilisema vizuri, na hilo ndilo lililoniuma. Mwambieni yamekwisha. Ila ashike nyuma, maana akiwekwa mbele hutembea mbio, na mimi safari hii sina haraka.

Baiskeli zote mbili, pampu, spana na lile kopo la grisi ni vya Fiacre. Lakini siwezi kumpa kabla sijasema zilikotoka, kwa kuwa urithi usio na habari yake ni mzigo tu.

Fiacre, ulikuwa na miaka kumi na miwili, na ulikuwa umekwisha kunichoka. Sikukulaumu. Mimi nilikuwa mtu wa kupanda treni hapa Penrith kwenda kusafisha ofisi za mjini na kurudi wakati wewe unakwenda shule. Tulipishana mlangoni kama walinzi wanaobadilishana zamu. Mpaka siku ile mtaa mzima ulipotoa vitu vya kutupa barabarani, nikaokota baiskeli mbili, moja haina tandiko, nyingine haina mnyororo, nikakuita tuziunde. Wewe ulijua gia. Mimi ya kwangu ya zamani ilikuwa na gia moja, nayo ni mapaja. Lakini nilijua mteremko. Jumamosi ikafika tukapanda na baiskeli zetu kwenye treni mpaka Woodford, kule juu milimani, tushuke kwa njia ya msituni hadi Glenbrook. Kule kwetu kupanda mlima tulishika nyuma ya lori kwa mkono mmoja. Hapa lori letu lilikuwa treni, tulikaa ndani, tena na tiketi. Na nilipoiona ile mikaratusi kulia na kushoto nikacheka mpaka ukaogopa. Ilikuwa miti yangu, ile ile iliyosimama juu ya vilima vya Burundi, niliyoidhani siku zote ni ya kwetu. Kumbe babu zao walitoka huku wakahamia kwetu bila fomu hata moja, nasi tukaja kwao na fomu arobaini.

Nilikufundisha kwamba mteremko husomwa kwa makalio kabla ya macho, kwamba baiskeli huenda unakotazama, ukilitazama jiwe umekwisha kuligonga, na kwamba anayebana breki katikati ya mawe ameshaanguka, bado kutua tu. Penye mawe nilikuwa na neno moja: achia. Achia breki, ikupeleke. Nawe uliachia. Kenge akakimbilia mtini, ukapita chini yake kama maji. Nimewaona wanaume wa Bugarama wakishuka na mikungu sita, tairi zinalia, lakini sijaona mgongo uliotulia kama ule wa mtoto wa miaka kumi na mitatu.

Halafu ikaja siku ya bega. Hadithi mnaijua, husimuliwa kwenye meza hii kila Krismasi, na msimulizi ni mimi: baba alisema achia, mtoto aliyesahau Kiswahili akasikia acha, akabana breki zote mbili, akaruka juu ya usukani, mtulinga ukakatika. Hospitalini palikuwa na fomu, bila shaka, na penye chanzo cha ajali nikaandika: lugha. Karani akaisoma mara mbili, akaniuliza kwa upole kama tungehitaji mkalimani. Mlicheka sana. Binamu zenu wakampa Fiacre jina, wakamwita Acha. Na tangu mwaka ule, mwanangu, ukisemeshwa Kiswahili unajibu kwa Kiingereza, nasi tukasema ndivyo walivyo watoto wa huku.

Nipe maji, Keza. Kidogo tu.

Basi. Wahenga walisema heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi, na walisema ulimi hauna mfupa. Wangu hauna, lakini ulivunja mfupa wa mwanangu. Nilisema acha. Sikusema achia. Ulipofika juu ya lile jabali niliona ghafla kwamba yule ni mwanangu na lile ni shimo, nikaogopa, mimi, mtaalamu wa usafirishaji, na mdomo ukatoa neno la woga. Wewe ulisikia sawasawa. Ulitii. Kiswahili chako hakikuwa na kosa. Ilipungua herufi moja, na aliyeimeza ni mimi.

Honorine, usinitazame hivyo. Kumwungamia padre ni rahisi zaidi, padre hakupikii.

Njia ya mwongo ni fupi, wanasema, lakini yangu imefika miaka minane, na najua kwa nini: wewe, Fiacre, ulikuwa unaisawazisha mbele yangu. Siku ile nakutoa msituni, mimi na baiskeli mbili mabegani, wewe umeukumbatia mkono wako, uliniangalia mara moja ukasema kwa Kiingereza chako, "Ni sawa, baba, nilikusikia." Nikajifanya sikuelewa. Na miaka yote hii hukunisahihisha mbele ya mtu, Krismasi baada ya Krismasi, umeinamia sahani. Nimesoma habari za mashujaa wengi, walioua simba na walioteka miji; sijamsoma aliyekubali kuchekwa miaka minane ili babaye asichekwe hata mara moja.

Na mwaka jana, mapafu yalipoanza kunikana, kwenye ule mlima wa mwisho baada ya kijito, ulifunga mpira wa ndani wa tairi kwenye tandiko lako na kwenye usukani wangu, ukanivuta mpaka juu bila kugeuka nyuma, nisijue kama unajua nalia. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, lakini mimi sikuwa usufi, nilikuwa kilo sabini na tisa. Nimeshika malori mengi maishani. Hakuna lililonivuta vizuri hivyo.

Sasa barua. Juzi nilijikongoja mpaka banda la nyuma kuziaga spana, nikaikuta chini yake. Sikupekua; ilikuwa wazi. Wamekuita Tasmania, kile kisiwa cha kusini, ukachonge njia za baiskeli milimani, miaka miwili, kuanzia Jumatatu, nawe umewaandikia jibu, bado hujalituma, kwamba huwezi, kwa sababu za kifamilia. Sababu za kifamilia ndiyo mimi. Dada yako anasema ngoja, mama yako anasema mtoto wa kiume hawi mbali baba anapokata roho, na nawasikia wote wawili. Lakini daktari hajui kama ni wiki au miezi, na ile kazi haijui kungoja. Umenibana, mwanangu, kama breki katikati ya mawe. Ndege ni chini ya saa mbili. Ukinikuta, vizuri, usiponikuta, maiti hana haraka, udongo wa kwanza utakungoja wewe.

Ichane hiyo barua. Honorine, mfungie nguo nzito, kule kuna baridi ya kweli. Keza, usimpigie simu kila asubuhi kumsomea pumzi zangu. Mnizike kwa Kirundi na Kiswahili, na mahubiri yasizidi robo saa. Na njia ya kwanza utakayochonga, Fiacre, usiipe jina langu. Iachie mawe kidogo tu, inatosha.

Umesema nini? Rudia, masikio nayo...

"Nimesikia, baba. Nitakwenda."

Honorine, umesikia? Kwa Kiswahili. Herufi zote zipo.

Mungu awape miguu ya kupandia na moyo wa kushukia. Keza, upate wa kukupumzisha, wewe uliyempumzisha kila mtu. Mama yenu azeeke akicheka... hata akinicheka mimi. Sogea, Fiacre. Si upande huo... ule wa bega. Hapa. Umeunga vizuri, huu mfupa. Hodari.

Ukimrithisha mtu, kwa Kiswahili... unamwachia. Ni neno lile lile. Baiskeli nakuachia. Njia nakuachia. Na Jumatatu, ukiwa mlangoni na begi, usigeuke kutazama kitanda... baiskeli huenda unakotazama. Nalisema mara moja, mama yako shahidi, na mara hii nalisema lote.

Achia.