Mama Aliyeusema Mto Ulivyo: Historia ya Marehemu Lempi Rasmussen

Mchungaji, ndugu, majirani na wavuvi wote mliofika, mimi ni Lyle Pruitt, mkwe wa marehemu, na familia imenichagua mimi kusoma historia yake ingawa wengi humu ndani mnajua kwamba kuna wakati yeye na mimi hatukusalimiana mwaka mzima, na nadhani wamenichagua kwa sababu hiyohiyo.

Marehemu Lempi Aune Rasmussen alizaliwa tarehe 9 Novemba 1941 hapa Koskela, akiwa mtoto wa tatu wa mzee Eino Niskanen, mvuvi wa nyavu, na mama Hilja, ambaye alimzaa ndani ya sauna, kibanda cha kuogea kwa mvuke, kwa kuwa ndimo mlimokuwa na joto na maji safi. Alianza shule ya msingi hapa bondeni Septemba 1947, akamaliza sekondari Juni 1959, akiwa mzuri sana katika hesabu na mbaya sana katika kunyamaza, kama mwalimu wake alivyoandika kwenye ripoti tuliyoikuta wiki hii kabatini. Alifanya kazi katika kiwanda cha kusindika samaki huko pwani hadi tarehe 13 Juni 1964, alipofunga ndoa na Walter Rasmussen, dereva wa lori la magogo, katika kanisa hili hili, wakajaliwa watoto wawili, Aila, ambaye ni mke wangu, aliyezaliwa tarehe 2 Machi 1966, na Raymond, aliyezaliwa tarehe 19 Agosti 1969. Mzee Walter alitangulia mwaka 1997.

Septemba 1971 marehemu aliajiriwa kuendesha basi la shule, kazi aliyoifanya kwa miaka thelathini na mitano, na kwa kuwa njia yake ilivuka Mto Nemma mara sita kila asubuhi, wavuvi walizoea kumsimamisha na kumuuliza hali ya maji. Kuanzia majira ya machipuko ya mwaka 1974 redio yetu ilimpa dakika mbili baada ya taarifa ya habari, akawa anashuka chini ya daraja la pili, anasoma kina cha maji, anapima baridi yake, anatumbukiza kikombe cheupe kilichofungwa kamba mpaka kisionekane, ajue maji ni maangavu kiasi gani, kisha anawaambia watu mto ulivyo, kama umejaa matope wabaki nyumbani, kama unashuka na rangi yake ni ya kijani wawahi stilihedi, wale samaki jamaa wa salmoni, kabla hawajamaliza kutaga, na pia aliwaambia iwapo salmoni wa machipuko wameanza kupanda mto kutoka baharini. Hakuwahi kuupamba mto, na mtu aliyemlalamikia alijibiwa, "Mimi nimeuona, wewe umeuota."

Tarehe 11 Februari 2003 mlima uliporomoka huko juu, matope yakafunika changarawe ambamo salmoni hutaga, na maji yakawa kama chai ya maziwa hadi Mei. Siku baada ya siku marehemu alitangaza kwamba mto hauvuliki, vyumba vya wageni vikabaki vitupu, na sisi tunaowapeleka wageni kuvua kwa mashua tukakaa bure, mpaka tukamwita kwenye mkutano katika ukumbi wa zimamoto.

"Sema tu kwamba maji yanasafika, Lempi," aliomba Orrin Gadd, mwenye nyumba ya wageni. "Watu waje kwanza, mengine tutajua mbele."

"Waje wavue tope?" alijibu.

Mimi nikasimama mbele ya watu wote, nikamwambia, "Mama, unanifukuzia wateja, na hao wajukuu wako watakula nini?"

"Wateja watarudi, Lyle. Samaki wakikatika, ndiyo basi tena." Kisha akatuomba tuwaachie salmoni wa machipuko kwa miaka mitano, wapande wakatage, na mimi nikatoka nikabamiza mlango, na tangu siku hiyo Aila akawa anawapeleka watoto kwa bibi yao peke yake.

Tarehe 8 Mei 2004 nilikuwa na mgeni kwenye mashua, chini ya daraja, na baada ya dakika ishirini za kuvutana tukaleta kando salmoni jike, mzito, anang'aa, tumbo limejaa. Nikasikia sauti kutoka juu, "Lyle! Ana mayai huyo!" Nilipotazama nikamwona mama mkwe ameshika ukingo wa daraja kwa mikono miwili, na hakuwa amekasirika, alikuwa analia. Sheria ilituruhusu kumchukua yule samaki, na mgeni wangu alikuwa ameshatoa kamera na kisu, lakini nilichomoa ndoana, nikamshikilia kwenye mkondo mpaka akapata nguvu, akaenda. Mgeni alinitukana hadi gatini. Jioni ile nilikwenda kwa marehemu, akanifungulia mlango, akasema tu, "Ingia, kahawa ipo," na wiki iliyofuata nilikuwa naye ukingoni tunapanda miti ya mierebi ili mizizi yake ishike udongo, pamoja na watoto wa basi lake, na wenzangu wakaja mmoja mmoja, Orrin akiwa wa mwisho na ndiye aliyeleta koleo nyingi zaidi.

Tarehe 2 Mei 2011, wale mliokuwa mnasikiliza redio mnakumbuka, alipofika kwa salmoni wa machipuko aliacha kusoma vipimo, akasema, "Wapo. Jamani, wapo wengi."

Moyo ulianza kumsumbua Oktoba 2019, miguu ikavimba, na Jumatano tarehe 30 Machi 2022, saa kumi na moja alfajiri, alifariki nyumbani kwake, Aila na Raymond wakiwa wamemshika mikono, akiwa na umri wa miaka themanini, ameacha watoto wawili na wajukuu watano.

Tunamshukuru daktari Pham na wauguzi wa hospitali ya kaunti, majirani walioleta supu ya samaki kila siku, madereva wenzake wa basi, na redio yetu. Alituachia agizo moja, asizikwe siku ambayo mto ni mzuri, maana wavuvi wangemlaani kaburini, kwa hiyo tumengoja siku sita, na leo mto una kina cha futi tisa na ni tope tupu, hivyo asanteni kwa kuja, ingawa najua hamkuwa na pengine pa kwenda.

Mvua itakatika kesho, mama, na kufikia Ijumaa maji yatakuwa yanashuka. Hayo tuachie sisi, wewe pumzika kwa amani.